Mwalimu Orpah na Wimbi la Bosibori

Ukifika Mosocho siku yoyote isipokuwa Jumamosi, ukauliza mahali pa kushonesha sare ya shule, utaonyeshwa kibaraza cha duka la tatu kutoka kituo cha basi, penye cherehani na mwanamke mnene kiasi mwenye tepu shingoni. Huyo ndiye Orpah Nyangau. Utamkuta anaongea. Akishona anaongea, akipima anaongea, akiwa na pini sita mdomoni bado anaongea, na ajabu ni kwamba hajawahi kumeza hata moja.

Jumamosi usimtafute. Siku hiyo yuko kanisani na darasa lake la watoto, darasa alilolishika tangu kabla ya Uhuru. Wapo watu wazima pale Mosocho, wenye wake na ndevu, ambao wakikutana naye njiani bado wanaficha mikono asije akaona kucha chafu. Lakini watoto waliopita kwake miaka ya sitini mwanzoni na hawa wa miaka ya sabini hawakufundishwa na mtu yule yule, ingawa uso ni ule ule. Wale wa kwanza walifundishwa na mwanamke aliyekuwa na jibu la kila swali. Hawa wa sasa wakimuuliza jambo gumu anaweza kuweka chaki chini na kusema, "Hilo silijui," bila aibu hata kidogo. Wapo wazee wa kanisa ambao jambo hilo haliwapendezi. Kilichombadilisha ni majuma matatu ya Agosti mwaka wa sitini na sita, msichana mmoja wa miaka tisa, na ndege.

Mwaka huo kanisa la kwao lilikuwa likituma watu upande wa Nyamira, kwenye vilima ambavyo havikuwa na Shule ya Sabato. Mzee wa kanisa, Manasseh Ombati, alikuwa mtu mwembamba mrefu mwenye sauti nzito isiyolingana kabisa na mwili wake. Alihitaji mtu wa kwenda Riomoro kufundisha watoto wakati wa likizo. Orpah alimwandama kama mbuzi anavyoandama chumvi. Alimfuata kanisani, akamfuata sokoni, akamfuata mpaka kwenye boma lake akamkuta ananyoa ndevu.

"Dada Orpah," mzee akasema na sabuni usoni, "utaenda. Majuma matatu. Sabato ya tatu nitakuja mwenyewe kuwasikiliza hao watoto. Nikiona wameshika kitu, tutafungua Shule ya Sabato pale. Nikiona bado, basi tutangoja."

"Watakishika mpaka uchoke kuwasikiliza, mzee."

"Kuchoka kusikiliza nimeshazoea," akajibu Manasseh, akaendelea kunyoa.

Mumewe Orpah, Ogari, mtu wa maneno machache aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha kahawa, alimbebea sanduku mpaka kwenye basi na kumwambia aende salama, masikio yake yeye mume nayo yatapata likizo. Ndani ya sanduku mlikuwa na nguo, kengele ya mkono, chaki, na hazina yake kubwa: kipande cha blanketi jeusi na picha za karatasi za Musa, Danieli, simba, samaki na wengineo, alizokuwa amezibandika msasa kwa nyuma ili zishike kwenye blanketi likitundikwa ukutani. Kazi hiyo aliifanya mwenyewe kwa jioni nyingi, na simba wake alikuwa na macho ya kutisha kweli.

Riomoro kulikuwa na familia moja tu ya Waadventista. Wakampa chumba na wakampa uwanja wao awe anafundishia. Jumatatu, jua likiwa ndiyo kwanza limetoka, Orpah akapiga kengele. Watoto walikuja. Walikuja sita, wakaja kumi, wakafika ishirini na kitu, wakakaa chini wakikodolea macho yule simba. Orpah moyo ukamjaa. Hata hivyo hakufika mbali, maana mara mtoto mmoja akainuka akaondoka kimya kimya, mara wawili, mara watatu, na wale waliobaki walikuwa wakigeuza shingo kila mara kuangalia bondeni kama watu walioacha chungu motoni. Jumanne ikawa vivyo hivyo. Jumatano akashindwa kuvumilia.

"Kuna nini huko chini? Kuna sinema?"

"Ndege, Mwalimu," wakasema kwa pamoja.

Ndege! Orpah alicheka. Sasa hapo ndipo pa kumwonea huruma kidogo, maana hakujua. Baba yake alikuwa mpishi wa misheni, na yeye alilelewa kwenye nyumba za misheni, akaolewa Mosocho ambako wakati huo watu walikuwa wamejaza kahawa na ndizi mashambani. Ndege hali kahawa. Wimbi la uji Orpah alilinunua soko la Daraja Mbili, likiwa limeshapurwa na kupepetwa, limo kwenye debe. Hakuwahi hata siku moja maishani mwake kukaa juu ya dungu.

Mtoto yeyote wa Riomoro angeweza kumweleza. Agosti wimbi linaiva. Linapoiva, ndege wadogo wanakuja kwa makundi, asubuhi tangu jua linapochomoza mpaka saa nne hivi, na jioni tena kuanzia saa kumi mpaka giza linapoingia. Katikati ya mchana jua likiwa kali wanajificha vichakani. Kwa hiyo kila shamba lina dungu lake, jukwaa la miti lililo juu kidogo ya masuke, na juu yake panakaa mtoto mwenye debe la kugonga na kombeo la kurushia madongo. Kwa hao watoto likizo ya Agosti haikuwa likizo. Ilikuwa ndiyo kazi yenyewe, na chakula cha mwaka mzima kilikuwa mikononi mwao. Orpah aliwapigia kengele saa zile zile ambazo ndege nao walikuwa wakiitana.

Ijumaa aliwafundisha habari za wana wa Israeli na mana: jinsi iliyolazwa siku nyingine ilivyooza, lakini iliyowekwa kwa ajili ya Sabato ikabaki nzuri. Alifundisha vizuri, hakuna anayebisha. Mikono ilipanda, ikashuka, sauti ikanong'ona, ikanguruma. Watoto wakasahau kuangalia bondeni. Kama angenyamaza hapo, ingekuwa siku njema. Lakini Orpah na kunyamaza ni watu wasiosalimiana. Akaona jinsi walivyomtazama, akanogewa, akaongeza la kwake.

"Kesho ni Sabato. Njooni wote, msibaki hata mmoja. Mtoto atakayeacha shamba akaja kwa Mungu, Mungu mwenyewe atamlindia shamba lake. Halitaguswa hata suke moja!"

"Amina!" wakaitikia.

Watoto ni watu wenye akili. Waliitikia amina, kisha karibu wote wakaenda nyumbani wakapanga na wadogo zao nani atabaki na debe. Mmoja tu hakupanga na mtu. Huyo alikuwa Gesare, msichana mwembamba mwenye pengo la jino la mbele, aliyeishi na nyanya yake, Bosibori, wawili tu, juu ya shamba moja dogo la wimbi. Hakuwa na mdogo wa kumwachia debe, na magoti ya nyanya yalishakataa kupanda dungu. Na tena alimwamini mwalimu. Jumamosi Bosibori alitoka alfajiri kwenda kuhani msiba kilima cha pili, akamwacha mjukuu akijua yuko juu ya dungu. Gesare akashuka kwenye dungu, akanawa uso, akavaa gauni lake la pekee, akaja darasani. Alikaa mbele kabisa. Alikuwa mtoto pekee ambaye hakugeuka kuangalia bondeni asubuhi yote.

Orpah alimwona, akamsifu mbele ya wenzake.

Bosibori alikuja mchana. Alikuwa mwanamke mzee, mfupi, mwenye mgongo ulionyooka, asiyekwenda kanisa lolote. Hakupiga kelele. Kama angepiga kelele, Orpah angeweza kujibu. Alimkuta uwanjani na wenyeji wake wakinywa uji, akasimama mbele yake akafungua kanga. Ndani mlikuwa na masuke ya wimbi, matupu, yamebaki makapi.

"Upande wote wa chini uko hivi," akasema. "Nimemuuliza mjukuu wangu alikuwa wapi. Ameniambia shamba lilikuwa na mlinzi. Nikamuuliza mlinzi gani. Akasema Mungu. Mjukuu wangu hajui kusema uongo, kwa hiyo nimekuja kumwona aliyemwambia."

Orpah akafungua mdomo. Ndugu msomaji, hapakutoka kitu. Mdomo ule uliozoea kusema hata na pini sita ndani yake ukabaki wazi, mkavu. Bosibori akangoja kwa adabu kama mtu anayengoja mgeni amalize kukohoa. Alipoona hakuna jibu, akayamwaga yale makapi chini, polepole, akafunga kanga yake, akaenda.

Jioni ile Orpah hakula. Alijitetea mbele ya nafsi yake kwa kila njia. Labda ni jaribu. Labda mtoto hakuwa na imani ya kutosha. Hilo la pili alipolifikiri, akaona haya mpaka masikio yakamwaka moto, maana kama kulikuwa na mtu mwenye imani pale Riomoro, ni yule mtoto mwenye pengo. Wengine wote walimwambia Mungu amina na kuacha mlinzi shambani. Gesare peke yake alimchukulia Mungu kuwa mtu wa kuaminika. Na sasa je?

Jumapili alfajiri, umande ukiwa bado unalowesha miguu, alikwenda mpaka kwenye shamba la Bosibori. Gesare alikuwa juu ya dungu, debe mapajani, amejifunika gunia.

"Bwakire, Gesare," akamwamkia kwa Kikisii.

Gesare aliitikia, kwa kuwa amelelewa kwa adabu. Kundi la ndege likapita, akagonga debe, likahama. Ndipo akauliza, bila kumtazama:

"Mwalimu, alikuwa wapi?"

Yale majibu yote ya Mosocho yakapanga foleni kichwani mwa Orpah, yamevaa vizuri, kila moja likitaka kutoka kwanza. Akayafukuza yote. Ni jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya, na mwenyewe anakiri hivyo mpaka leo.

"Sikiliza, mwanangu. Mungu hakusema atalinda wimbi lenu. Niliyesema ni mimi. Nilimtilia maneno mdomoni, maneno ambayo hakunipa. Nimekosa. Nimekukosea wewe, nimemkosea nyanya yako, na yeye nimemkosea."

Gesare hakuwa amewahi kumsikia mtu mzima akimwambia mtoto kwamba amekosa. Hata Orpah mwenyewe hakuwahi kulisikia.

"Kwa hiyo aliyeahidi ni wewe."

"Ni mimi."

"Basi aliyekosa kuja ni wewe."

Ama! Neno hilo lilimpiga Orpah kifuani. Angetukanwa asingeumia hivyo. "Ndiyo," akasema. "Aliyekosa kuja ni mimi." Akapanga gauni lake vizuri, akashika mti wa dungu, akaanza kupanda. Dungu lililia. Lilikuwa limejengwa kwa ajili ya mtoto, na Orpah hakuwa mtoto, lakini lilimbeba.

Tangu asubuhi hiyo akawa mlinzi wa wimbi la Bosibori. Kwanza alimwomba mwenyewe ruhusa. Bosibori alimtazama kuanzia viatu mpaka kitambaa cha kichwa.

"Unajua kurusha kombeo?"

"Sijui, mama. Nitajifunza."

"Haya. Na mtoto atakuja kwenye masomo yako, maana anapenda kuimba na mimi siwezi kumnyima. Lakini usimwambie tena Mungu atafanya nini. Mwambie alifanya nini. Ya kesho mwachie mwenyewe."

Orpah anasema amewasikia wahubiri wengi tangu siku hiyo, wengine wa kutoka Nairobi, na hajasikia hubiri fupi lililo bora kuliko hilo, tena kutoka kwa mtu ambaye hakubatizwa.

Kujifunza kombeo kulikuwa kichekesho cha kilima kizima. Siku ya kwanza alijipiga sikio lake mwenyewe. Siku ya pili dongo lilimpata mbuzi wa jirani, na mbuzi akakimbia mpaka barabarani. Watoto kwenye madungu ya mashamba mengine walishika matumbo kwa kucheka, wakaanza kumpigia kelele za kumfundisha: "Legeza mkono, Mwalimu! Achia sasa! Sasa!" Kufikia Alhamisi alikuwa akiweza kutupa dongo mbele, angalau si nyuma.

Darasa akalihamishia saa sita mchana, wakati ndege wamelala. Wakaja watoto ambao hakuwahi kuwaona, wakakaa mpaka mwisho bila kugeuza shingo. Na asubuhi, wakiwa juu ya madungu, alibuni mchezo. Kila shamba lilipewa jina la mwanafunzi mmoja wa Yesu. Ndege wakija, shamba la kwanza linapiga kelele "Petro!", la pili "Andrea!", la tatu "Yakobo!", hivyo hivyo kuzunguka bonde, na ndege hawapati pa kutua mpaka wote kumi na wawili wameitwa. Yuda alipewa mvulana mwenye sauti ya fahali, na ikaonekana wazi kwamba ndege walimwogopa Yuda kuliko wote. Wazazi walicheka. Lakini lile juma wimbi halikuliwa, na mtoto wa miaka minne aliweza kutaja wale kumi na wawili kwa mpangilio.

Orpah alikuwa na furaha, nayo ilionekana. Alipata weusi wa jua puani, viganja vikaota sugu, na akagundua kwamba asubuhi ya Riomoro, ukungu ukipanda kutoka mtoni na moshi ukitoka kwenye paa za nyasi, ni kitu kizuri sana ambacho hakuwahi kukitazama kwa sababu alikuwa akiongea. Gesare aliketi kando yake, wakigawana gunia. Walizungumza habari za mbuzi, za meno yanayong'oka, za jinsi cherehani inavyokula uzi. Walicheka pamoja. Mtoto alikuwa amemsamehe mwalimu wake, hilo halikuwa na shaka.

Ila Mungu hakuwa amesamehewa.

Orpah aliliona jambo hilo darasani. Kila siku mwisho wa somo watoto walikuwa wakiomba kwa zamu, kila mmoja akimwambia Mungu kitu kimoja anachotaka. Zamu ilipomfikia Gesare aliruka. "Sina la kumwambia," akasema kwa upole, kama mtu anayekataa chai kwa sababu ameshiba. Kesho yake vilevile. Aliimba, alijibu maswali, alijua Danieli na simba wake vizuri, lakini wakati wa kuomba macho yake yalikuwa wazi. Alikuwa ameelewa maelezo ya mwalimu kichwani: Mungu hakuahidi, basi hana kosa. Lakini mtu ambaye hakuahidi kitu, wa nini kumwomba? Orpah aliumia. Shule ya Sabato ya Riomoro ingefunguliwa au isifunguliwe, hilo lilikuwa juu ya Manasseh. Kilichomkosesha raha ni huyu mmoja. Alimkuta akiwa na imani nzima, na kama angeondoka na kumwacha hana la kumwambia Mungu, basi safari yake yote ilikuwa hasara, hata kama watoto mia wangetaja wanafunzi kumi na wawili mpaka koo likauke. Na hakuwa na neno la kulitengeneza. Maneno ndiyo yaliyoharibu.

Sabato ya tatu ikafika. Watoto walikuwa na nguo safi, tayari kusikilizwa na mzee kutoka Mosocho, safari hii asubuhi, kama mwenyewe alivyotaka. Wengi waliacha wadogo zao mashambani kama kawaida. Gesare hakuwa na wa kumwachia.

"Nenda," Orpah akamwambia. "Nitabaki mimi."

"Wewe ndiye mwalimu."

"Juma la kwanza nilisema shamba litalindwa. Leo linalindwa. Nenda, kimbia."

Manasseh Ombati alifika saa tatu, koti jeusi, kofia mkononi, vumbi la njia nzima viatuni. Akawakuta watoto wameketi sawasawa, mwalimu hayupo. Akauliza. Watoto wakanyoosha vidole bondeni. Mzee akashuka na watoto wakamfuata nyuma, na hapo katikati ya wimbi akamwona Dada Orpah, katika gauni lake jeupe la Sabato, juu ya dungu, akigonga debe kwa mwiko.

"Dada Orpah!"

"Sabato njema, mzee! Inama kidogo, nataka kurusha."

Mzee akainama. Dongo likapita. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umekunjamana. "Unafanya kazi. Siku ya Sabato. Mbele ya watoto uliotumwa kuwafundisha Sabato."

Orpah akamweleza yote kutoka juu ya dungu, bila kujipamba: ahadi aliyoitoa, makapi kwenye kanga ya Bosibori, swali la mtoto. "Nikishuka hapa, mzee, mtoto huyu lazima apande. Ukiona nimekosa, niondoe kwenye darasa. Lakini nitashuka saa nne, ndege wakienda."

Bosibori alikuwa ametoka mlangoni, mikono kiunoni, anasikiliza. Gesare alisimama karibu naye akimkazia macho yule mzee mrefu. Manasseh akatazama upande wa chini wa shamba, ule uliokuwa mtupu, mabua yamesimama bila kitu. Yeye alikuwa amekulia kwenye wimbi, kila mtu wa rika lake alikulia huko, na alijua upande mtupu kama ule maana yake ni uji wa miezi mingapi. Wakati huohuo kundi likashuka kwenye kona ya mbali ambako dongo la Orpah lisingefika hata kwa miujiza.

"Dada," mzee akasema hatimaye, "kugonga debe ni kazi. Kurusha madongo ni kazi. Shuka." Akavaa kofia yake, akatembea mpaka kwenye ile kona. "Kuimba si kazi."

Akaimba. Hiyo sauti ambayo kanisani ilitikisa vioo, akaiachia yote pale shambani. Ndege waliinuka kwa pamoja wakaenda mpaka kilima cha pili. Watoto walipigwa na butwaa, kisha wakaelewa, wakatawanyika kuzunguka shamba, huyu pembe hii, huyu pembe ile, wakaitikia. Orpah akashuka, akaenda pembe yake. Ibada ya Sabato ikafanyika hivyo, imelizunguka wimbi la Bosibori: wakaimba, watoto wakataja walichojifunza kwa kupaza sauti kutoka upande mmoja wa shamba mpaka mwingine, mzee akawasikiliza akiwa katikati ya umande, suruali imelowa mpaka magotini. Saa nne ndege walipokwenda kulala, sauti ya mzee nayo ilikuwa imekwisha. Bosibori alimletea uji, akamwambia hajawahi kuwa na walinzi wengi hivyo, na kama huko kwao ndivyo wanavyosali, basi waje kila Agosti.

"Shule ya Sabato itafunguliwa," Manasseh alimwambia Orpah kwa sauti ya kukwaruza. "Lakini kwenye baraza la kanisa tutaulizwa, mimi na wewe." Kweli waliulizwa, wote wawili, na mzee alikemewa kuliko Orpah. Lakini hayo yalikuwa baadaye.

Jumapili Orpah alifunga sanduku. Mzee alikuwa ametangulia mapema. Watoto walijaa uwanjani ingawa haikuwa saa ya darasa, wengine wamekimbia kutoka madunguni kwa dakika chache tu. Orpah aliwaambia waombe kabla hajaenda, yeyote anayetaka, na hakumtazama Gesare, kwa makusudi. Wakaomba wawili, watatu. Orpah alikuwa anataka kusema amina aondoke.

"Mungu," sauti ikasema. Ilikuwa ya Gesare. Hakuinama, lakini macho alikuwa ameyafumba kwa nguvu. "Mimi ni Gesare wa Bosibori. Wimbi tumelilinda. Sasa Mwalimu anaenda kwao na sanduku ni zito. Mimi nitampeleka mpaka mtoni. Kuvuka nimekatazwa. Kutoka hapo mpokee wewe. Amina."

Orpah machozi yalikuwa yanamtoka mbele ya watoto wote, na hakujali.

Waliteremka pamoja, wameshika sanduku huku na huku. Mtoni palikuwa na gogo la kuvukia. Orpah akambusu mtoto kichwani, akajitwika sanduku, akavuka. Alipogeuka, Gesare alikuwa bado amesimama ukingoni, uso ameuinua juu kidogo, kama mtu anayezungumza na mtu mrefu.

"Haya," akasema. "Huyo."

Kisha akakimbia kupanda kilima kwenda kwa ndege wake, wala hakugeuka nyuma kuhakikisha.